Kabla ya Kete ya Kwanza: Kanuni za Kijiwe, Kutoka Bao la Kilwa Hadi Askari wa Sayari za Mbali

Watu wawili wanaolijua bao tangu utoto wanaweza kuketi kucheza baada ya alasiri, wakagombana kabla ya magharibi, na wote wawili wakawa na haki. Mmoja kafundishwa na babu yake Kilwa Kivinje, mwingine kalelewa Unguja. Mbao ni ile ile, kete ni zile zile, na mwanzoni hakuna anayeona tofauti. Kisha kete ya mwisho inatua nyumbani, mmoja anataka kusafiri, mwenzake anamshika mkono: "Hapo unalala, shekhe." Mchezo unasimama. Watazamaji wanasogea, kila mmoja na kanuni yake.

Ugomvi huo mimi nauheshimu. Wako wanaouona kuwa ni kupoteza wakati, au dalili kwamba bao ni mchezo wa wazee usio na mpangilio. Naona kinyume chake. Mchezo ambao watu wanabishania kanuni zake ni mchezo unaochezwa kweli, na namna watu wanavyoumaliza ubishi huo inastahili kutazamwa kwa makini kama tunavyotazama nani kashinda.

Mwambao wa Kilwa na Lindi umekutanisha watu wa kanuni mbalimbali kwa karne nyingi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati mji ukipokea dhahabu ya Sofala na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ambao walikuja na kaskazi na kungoja kusi livume ndipo warudi kwao. Baharia anayengoja upepo hukaa barazani na wenyeji. Leo upepo si lazima tena: tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, mabasi ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara yanapita Nangurukuru bila kungoja kivuko, na dereva, mvuvi wa Songo Songo na mfanyabiashara wa ufuta wanaweza kukutana chini ya mwembe mmoja. Bao lenyewe limeenda mbali zaidi ya hapo, hadi Malawi, ambako wanaliita bawo. Kila lilipotua limeota tabia ya mahali hapo.

Vita visivyo na maiti

Kwa asiyecheza, nieleze kidogo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele inayotazamana na mpinzani, na ya nyuma. Anaanza na kete 10 tu mbaoni: 6 katika nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki huziingiza moja moja, kila zamu moja. Huo ndio wakati wa kunamua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, na hapo mnacheza kwa zilizomo mbaoni tu. Aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele amefungwa. Asiye na pa kucheza naye amefungwa.

Kete za asili ni komwe, mbegu za mkomwe, mmea wenye miiba unaotambaa karibu na fukwe. Ukilipasua ganda lake, nalo limejaa miiba, unakuta mbegu za kijivu, ngumu, zenye mng'ao, zinazojaa vizuri kwenye ncha za vidole. Kadiri zinavyochezwa ndivyo zinavyozidi kuteleza. Komwe huelea: bahari huibeba ikaitupa ufuko mwingine, na huko bado inaweza kuota. Mchezaji mzoefu hahesabu kete alizochota, kiganja chake kinamwambia.

Jambo moja katika bao hunivutia kila mara. Huu ni mchezo wa kivita: kuna kushambulia, kuna kuvizia, kuna safu ya mbele na ya nyuma. Lakini kete iliyoliwa haitoki mbaoni. Inahamia kwa aliyeila na tangu hapo inapigana upande wake, mpaka pengine iliwe tena irudi. Mchezo ukiisha, kete ni 64 zile zile. Ndiyo maana kosa dogo la kanuni halifichiki. Katika drafti kete ikishatolewa imekwenda. Katika bao kete uliyoila isivyo halali inazaa kula kwingine, na kwingine, na baada ya zamu tatu hakuna anayeweza kurudisha mambo yalivyokuwa.

Penye utata

Chukua hiyo nyumba. Wakati wa kunamua, mchezaji aliyekula na kete yake ya mwisho ikatua katika nyumba anayoimiliki ana hiari: anaweza kulala, zamu yake ikaishia hapo, au kusafiri, yaani kuzichota kete zote za nyumba na kuendelea kuzisambaza. Lakini kama hakula, anatakata tu, yaani anasambaza kete bila kula, akifika nyumbani analala, hana hiari. Na ikiwa safu yake ya mbele haina kitu ila nyumba, anatoa kete mbili tu humo na kuzicheza. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi kama kanuni kamili. Sasa jiulize: mtu akishasafiri nyumba ikavunjika, kisha shimo lile lile likajaa tena kete nane, je, limekuwa nyumba upya? Kwa kanuni kamili, halijawa. Lakini kwa mtu aliyejifunza kwa kutazama tu, bila kuelezwa, shimo limejaa, liko mahali pa nyumba, na lina umbo la nyumba. Mgeni wa namna hiyo hajaghushi chochote, ila hakuna aliyemwambia.

Kutakasia ni pagumu zaidi. Tuko mtaji, wachezaji wote wawili hawana cha kula. Mmoja anatakata, na kete zake zinapotulia, zamu ijayo ataweza kula shimo moja tu la mwenzake. Shimo hilo limetakasiwa. Mwenyewe haruhusiwi kulichota na kukimbia nalo. Lazima acheze kwingine na kulisubiri liliwe. Isipokuwa shimo hilo likiwa ndilo nyumba yake, au ndilo pekee lenye kete katika safu yake ya mbele, au ndilo pekee humo lenye kete zaidi ya moja. Kanuni hii ina visharti vitatu juu ya sharti, na si kila kijiwe huicheza. Palipo na watu wanaoijua, mchezo wa mwisho unakuwa mkali na wenye mahesabu marefu. Pasipo nayo, watu hukimbizana tu hadi mmoja achoke.

Kuna pia mambo madogo ambayo huleta makelele makubwa. Kula ni lazima, kila mtu anajua, lakini aliyesahau kula na mwenzake asione, kosa linahesabiwa la nani? Aliyekula kwenye kimbi cha kushoto, yaani mashimo mawili ya mwisho ya safu ya mbele upande huo, lazima aanzie kichwa cha kushoto, shimo la pembeni kabisa. Akiisha kuacha kete moja kwenye kichwa cha kulia, je, arudishe au mkono umeshacheza? Shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanza kula katika mtaji. Nani anazihesabu, na mpinzani anaruhusiwa kugusa ili ahakikishe? Haya hayamo katika mafunzo ya babu. Huyajua mtu baada ya kuumia.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya ndiko kunakoleta uhasama. La kwanza ni kufafanua: kanuni ipo, wote tunaikubali, ila haijasema lolote kuhusu hali iliyotokea, basi tunaikamilisha. Suala la kete kuachwa kwenye kichwa kisicho chake ni la namna hiyo. La pili ni kubadili: kanuni ipo na inaeleweka, lakini kijiwe chetu kimeamua vingine. Kijiwe kisichocheza kutakasia kimebadili. Bao la kujifunza, ambalo watoto huanza nalo kwa kuweka kete mbili mbili katika kila shimo bila kunamua, nalo ni badiliko, tena jema sana. Anayefafanua anatakiwa kutoa sababu. Anayebadili anatakiwa kutoa taarifa. Mwenyeji anayebadili kisha akajidai anafafanua, huyo anamdhulumu mgeni wake.

Walivyofanya wengine

Waliopata shida hii ya kanuni kwa ukubwa kuliko sote ni wacheza vita vya sanamu ndogo. Huko Ulaya na Marekani kuna mamilioni ya askari wa plastiki na bati, wa urefu wa sentimita tatu hivi, waliopakwa rangi kwa burashi nyembamba, wanaopigana juu ya meza zenye magofu ya kadibodi. Wengi wao ni askari wa sayari za kubuni, wenye silaha za miale na mavazi ya angani.

Mchezo huo una ukoo mrefu. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya ramani, wenye dadu, majedwali ya hasara na mwamuzi. Maofisa waliupenda, lakini majedwali yaliongezeka mpaka mchezo ukawa mzito. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa busara yake. Tangu wakati huo wacheza vita wamegawanyika katika kambi hizo mbili: wanaotaka kila jambo liandikwe, na wanaotaka mtu wa kuaminiwa.

Mmoja wa walioitoa michezo hiyo jeshini na kuiingiza sebuleni ni H. G. Wells, yule yule ambaye mwaka 1898 alitoa riwaya ya Wamarsi kuvamia Uingereza, *The War of the Worlds*. Mwaka 1913 alichapisha *Little Wars*, kitabu cha kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi. Ninachokipenda katika kitabu hicho ni kwamba Wells hafichi jinsi kanuni zilivyopatikana. Anaonyesha zikikua mchezo baada ya mchezo, yeye na marafiki zake wakigundua kasoro na kuiziba. Mtu aliyekaa barazani Kivinje angemwelewa mara moja.

Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham ikatoa mchezo wa Warhammer 40,000, ulioandikwa na Rick Priestley, wa vita vya milenia ya 41. Toleo la kwanza lilitegemea awepo mwamuzi mezani. Matoleo yaliyofuata yakamwondoa, na hapo maswali yakamiminika, kwa sababu kazi ya mwamuzi ilibaki bila mwenyewe. Kampuni imelazimika kutoa mafafanuzi toleo baada ya toleo. Michezo ya vikosi vidogo, kama Necromunda ya mwaka 1995 ambamo magenge ya watu wachache hupigana katika mji wa viwanda, ina shida zaidi, maana kila askari mmoja ana uzito na kila mwamba una maana.

Ubishi wao mkubwa ni wa kuonana. Askari wangu amejificha nyuma ya ukuta, bega moja limetokeza. Wako ana bunduki ya miale upande wa pili. Anamwona? Mnainama wote wawili, mashavu yakikaribia kugusa meza, mnafumba jicho moja kujaribu kuona kwa macho ya kisanamu kile. Wewe unaliona bega. Mimi naona ukuta. Vitabu vingi vya michezo hiyo vimeweka kifungu kimoja cha kuokoa jahazi: mkishindwa kukubaliana rusheni dadu, anayeshinda ndiye aliyeona, mchezo uendelee, na mjadala uje baadaye.

Mimi siipendi dawa hiyo. Inauponya mchezo wa leo na kuuacha wa kesho na ugonjwa ule ule. Dadu haitoi sababu, na uamuzi usio na sababu hauwezi kusaidia watakaocheza wiki ijayo.

Kuna kazi nyingine iliyofanyika Uholanzi ambayo inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa huko Leiden utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, *Limits of the Mind*, akiuliza akili ya bingwa inabeba zamu ngapi mbele. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliwasilisha Maastricht kazi yao ya kutengenezea bao programu ya kompyuta. Hebu fikiria maana yake. Kompyuta haina baraza. Haiwezi kutazama uso wa mzee aliyekaa pembeni ikajua kwamba hapo wamekosea. Kila sharti la kutakasia, kila hali ya nyumba iliyovunjika, lazima lisemwe kwa ukamilifu kabla mashine haijacheza kete moja. Mtu anayetaka kujua kanuni zetu zina matundu wapi, ajaribu kumweleza bao mtu asiyeweza kukisia.

Kama tungeunda wetu

Wakati mwingine nawaza vijana wa Lindi wakiunda mchezo wao wa vikosi. Vifaa vipo: vizibo vya soda ni askari tayari, kama vilivyo kete za drafti katika kila mtaa wa nchi hii. Mahali pa kubuni ndipo hapa hapa. Kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, ambako kiunzi kimoja kinasimama zaidi ya mita 13, kingetosha kwa hadithi yoyote ya kisayansi. Mwaka 2300, chombo kimetoka angani kuja kuchukua mifupa iliyobaki. Kikosi cha Mchinga kinakizuia. Au visima vya gesi vya Songo Songo vikilindwa na roboti zilizosahau bwana wao ni nani. Wavulana na wasichana wa shule wangeyapata haya kwa jioni moja.

Kisha wangekutana na kanuni. Kizibo kinasogea umbali gani? Shibiri mbili. Shibiri ya nani? Ya kijana wa miaka 17 haiwi sawa na ya mdogo wake wa miaka 11, na tayari mkubwa ameshinda vita kabla ya kupigana. Basi ikatwe kamba moja, ifungwe mafundo, iwe ya wote. Unapima kutoka ukingo wa kizibo au katikati? Mkiacha hilo, kila kikosi kitaibia nusu kizibo kila zamu. Kizibo kilichogeuka chali kimekufa au kimejeruhiwa? Nazi kavu iliyowekwa kuwa kilima, inapandika? Upepo wa kusi ukipeperusha kadibodi yenu, vita vinaanza upya? Sidhani kuna darasa la sheria linalofundisha vizuri zaidi ya hapo, kwa sababu watoto hao wangetunga kanuni wakijua kwamba dakika tano zijazo kanuni hiyo hiyo itawakaba wao.

Pwani yetu ilikwishapata njia yake ya kuamua, nayo ni watazamaji. Bao halichezwi na watu wawili tu. Waliokaa pembeni wanahesabu kimoyomoyo, wanaguna, wanacheka kabla kete hazijafika. Ukitokea ubishi wao ndio mahakama, na kwa kawaida mzee anayelijua bao zaidi hutoa neno la mwisho. Ni njia bora kuliko dadu kwa sababu mzee hulazimika kueleza, na wote wanasikia. Ila ina dosari zake. Mzee naye ana mjukuu anayecheza. Mgeni hana wa kumtetea. Kijana aliyesoma kanuni vizuri hunyamaza kwa adabu, na kosa likapita likawa desturi.

Kwa hiyo napendekeza vijiwe vya Masoko, Kivinje, Kilwa Kisiwani, Mchinga na Lindi mjini viweke daftari. Daftari la kawaida la shule lenye jalada gumu, likae pamoja na mbao. Ukurasa wa mbele uandikwe yale ambayo mgeni lazima ayajue kabla hajashika kete: hapa tunasafiri vipi, hapa tunatakasia au hatutakasii, kete iliyoachwa haiokotwi, kete zinahesabiwa na mwenye zamu mbele ya mwenzake. Kurasa zinazofuata ziandikwe ubishi wenyewe ulivyotokea, hali ya mbao ikichorwa kwa mistari minne na tarakimu, kisha uamuzi na sababu yake. Badiliko lolote lipitishwe mchezo ukiwa umekwisha, kamwe lisipitishwe kete zikiwa mbaoni, na lianze kutumika siku ya pili. Anayeandika awe kijana, ili naye awe na sababu ya kuuliza.

Kilwa na Lindi wakifika siku ya kushindana, wataweka madaftari mawili mezani na kuyalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Wasiyokubaliana wayaamue hapo hapo, mbele ya wote. Ningewashauri waanze na kutakasia, na hasa lile sharti la shimo pekee lenye kete zaidi ya moja, maana ndilo hutokea mwisho wa mchezo, watu wamechoka, jua limeinama, na kila mmoja anadhani bado kidogo ashinde.